Mzee anaumwa kila siku: vile unaeza kumsaidia bila kummaliza na dawa

Mzee akilalamika goti ama mgongo, kuna jibu moja hupewa karibu kila nyumba hapa Nairobi: ni uzee tu. Mtoto anasema hivyo, jirani anasema, na wakati mwingine hata yule wa kemisti anasema huku akihesabu vidonge. Shida ya hilo jibu ni kwamba likishasemwa hakuna kitu kingine kinafanyika. Mzee ananyamaza, anaanza kukaa, akikaa miguu inaisha nguvu, nguvu ikiisha anaanguka, na hapo sasa ndio familia inafungua grupu ya WhatsApp ya kuchanga pesa ya operesheni ya nyonga. Umri unaleta magonjwa ya kuumiza, hio sikatai, lakini maumivu ya kila siku yako na sababu na kwa sababu nyingi kuna kitu cha kufanya.

Maumivu yakipita miezi 3 ndio madaktari wanaita sugu, na haya hayafanyi kazi kama yale ya kujikata kidole. Kidole kikipona maumivu yanaisha. Haya mengine yanaeza kuendelea hata kama hakuna kitu kipya kinaharibika, juu mishipa ya fahamu na ubongo vimekuwa wepesi wa kuskia uchungu kuliko zamani. Ndio maana unapata mzee mmoja eksrei yake inaonyesha goti limekwisha kabisa na bado anatembea mpaka sokoni, na mwingine picha iko sawa na hawezi kushuka ngazi. Kwa hivyo usikimbizane na picha, na usikimbizane na kumaliza maumivu yote mpaka sifuri, hio ndio inafanya watu waongeze dawa juu ya dawa. Lenga kitu kimoja mzee anataka kufanya na hawezi saa hii. Kwenda kanisa na kukaa ibada yote. Kuinuka kwa choo bila kushikwa. Kulala usiku mzima. Hicho kitu ndio utapimia kila dawa na kila zoezi, kikirudi mnaendelea, kisiporudi mnabadilisha.

Kwanza muulize, lakini usiulize kama anaumwa

Ukimuuliza mzee "unaumwa?" wengi watasema hapana, hasa wanaume, na hasa kama wanajua pesa imebana. Wengine hawaiti maumivu hata siku moja, watakuambia mwili ni mzito, ama kuna baridi kwa mifupa, ama mguu unawaka moto, ama "nimechoka tu mtoto wangu". Uliza kwa kazi. "Shosho, leo kuna kitu ulitaka kufanya ukashindwa?" "Guka, usiku uliamka mara ngapi?" Hapo utapata ukweli.

Sikiza vizuri maneno anatumia juu yanakuonyesha aina. Akisema inachoma, inawaka, inapiga kama stima ama kuna ganzi, hio sana sana ni ya mishipa ya fahamu, unaipata kwa mtu wa sukari nyayo zote mbili, ama mtu alipata mkanda wa jeshi na vidonda vikapona lakini ngozi ikabaki inauma hata ikiguswa na nguo. Akisema asubuhi goti limekauka halafu akitembea kidogo linalainika, ndani ya nusu saa hivi, hio ni ile athraitisi ya kuchakaa kwa viungo. Lakini vidole vikiwa vimevimba pande zote mbili na kukauka kunachukua saa nzima ama zaidi, hio ni ingine, ni kinga ya mwili inashambulia viungo, na iko na dawa zake kabisa tofauti, kwa hivyo asikae nayo miaka akipakwa mafuta. Na kidole gumba cha mguu kikiamka usiku kimevimba chekundu hata shuka haitaki kuguswa, fikiria gauti.

Nunua daftari ile ya kawaida ya mia. Kila siku andika uchungu ni ngapi kwa kumi, kama hataki nambari mwambie aonyeshe kwa vidole ama aseme kidogo, wastani, mbaya. Andika pia alifanya nini hio siku na alikunywa dawa gani saa ngapi. Wiki mbili za hio daftari zinamsaidia daktari kuliko hadithi yote utapiga pale kwa kiti.

Kama mzee ameanza kusahau na hawezi kueleza, basi mwangalie. Uso ukikunjika akigeuzwa, akishika mahali fulani, akipumua kwa nguvu, akikataa chakula, akianza kupiga watu wakati wa kuoga na hakuwa hivyo. Mara nyingi familia inasema amekuwa mkali na anapewa dawa ya kumtuliza, kumbe ni bega linauma kila akivuliwa shati.

Hizi usitibu nyumbani

Kabla uanze mambo ya mafuta na mazoezi hakikisha si moja ya hizi. Mgongo unauma na ghafla ameshindwa kushika mkojo ama choo, ama ako na ganzi katikati ya miguu pale anakalia, ama miguu imeisha nguvu, hio ni emajensi ya leo leo, si ya kesho. Maumivu yameanza baada ya kuanguka, hata kama alianguka polepole. Mama mzee aliinua mtungi wa lita 20 juu maji yalikuwa yamerudi, akaskia kitu kwa mgongo, na tangu hio siku hanyooki, hapo mfupa wa uti wa mgongo unaeza kuwa umevunjika juu mifupa ya wamama baada ya kukoma hedhi inakuwa myepesi. Mgongo na homa za jioni na jasho usiku na kilo zinapungua, TB haikai kwa mapafu peke yake, inaingia uti wa mgongo pia. Mwanaume mzee mgongo wa chini unauma hata amelala, na mkojo unatoka kwa shida, apimwe tezi dume. Mtu alishawahi kutibiwa saratani akipata maumivu mapya ya mfupa. Na maumivu ya kifua, bega ama taya yanakuja akipanda ngazi na kuisha akipumzika, hio ni moyo, wacha kupaka bega mafuta.

Mwaga dawa zote mezani

Hapa ndio nitakaa sana juu hapa ndio wazee wanaumizwa na watu wanawapenda.

Chukua karatasi ya shopping, yaani mfuko, zunguka nyumba yote, weka ndani kila kitu mzee anameza: za presha, za sukari, zile aliletewa na binamu kutoka ushago, za unga, za chupa, zile anakopa kwa jirani, na vile vidonge viko kwa kitambaa kwa kona ya leso. Mwaga mezani. Utashangaa. Ni kawaida sana kupata dawa ileile kwa majina matatu tofauti, moja ilitoka hospitali, ingine kemisti, ingine mtoto alituma, na mzee anakunywa zote tatu juu kila mmoja alisema usikose.

Parasetamoli ndio ya kuanza nayo, Panadol na ndugu zake. Sitakudanganya kwamba ni kali, kwa goti lililochakaa inasaidia kidogo tu, lakini ikitumiwa vizuri haiharibu tumbo wala figo vile zingine hufanya. Mtu mzima wa kawaida asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, lakini mzee mwembamba wa chini ya kilo 50, ama ini yake si nzuri, ama anapenda chupa, apunguziwe, madaktari wengi hawapitishi 6 kwa mzee hivyo. Na kuna ujanja mdogo: badala ya kungoja uchungu upande ndio ameze, mpe kama nusu saa kabla ya kitu kigumu, kabla ya kuoga ama kabla ya kutembea. Sasa chunga zile dawa za maumivu za dukani za pakiti ndogo ndogo, soma nyuma, nyingi ni mchanganyiko wa parasetamoli na aspirini na kafeini. Mzee anameza hio kwa duka, anarudi nyumbani anameza Panadol, na hajui ameshameza parasetamoli mara mbili na aspirini juu yake.

Halafu kuna hili kundi la ibuprofeni, diklofenaki, piroksikamu, indometasini, meloksikamu, yaani Brufen na diklo zote. Hizi watu wanazipenda juu zinafanya kazi kweli, na ni bei rahisi, unapewa bila mtu kukuuliza kitu. Kwa kijana ameumia mpira ni sawa. Kwa mtu wa miaka 70 zinatoboa tumbo na kutoa damu bila hata kuuma kwanza, zinapandisha presha, zinajaza maji mtu wa moyo, na zinachosha figo. Na ubaya zaidi ni zikikutana na dawa za presha. Kuna mchanganyiko wa vitu vitatu ambao unaeza kuangusha figo za mzee kwa siku chache: diklo ama Brufen, pamoja na dawa ya presha ya aina ya enalaprili ama losartani, pamoja na dawa ya kukojoza. Na hio ya kukojoza mara nyingi hata hujui iko, ukiona jina la dawa ya presha limeandikwa H mwishoni kwa kawaida hio H ni haidroklorothiazaidi, dawa ya kukojoza imefichwa ndani ya kidonge kimoja. (Na hio hio H inaeza kupandisha asidi inayoleta gauti, kwa hivyo mzee akianza kuumwa kidole gumba baada ya kubadilishiwa presha mwambie daktari, lakini usiisimamishe mwenyewe.) Akiwa anakunywa aspirini ndogo ya moyo ama warfarini ya kupunguza kuganda kwa damu, basi diklo isikaribie hio nyumba. Choo kikitoka cheusi kama lami, hospitali.

Kuna watu watakuambia sindano haipitii tumboni kwa hivyo haina shida. Si kweli. Dawa ikishaingia kwa damu inafanya ileile, tumbo na figo havijali ilipitia wapi. Zile sindano za diklo za kila wiki kwa kliniki za mtaa ni za kuepuka. Kama daktari ameona lazima atumie hii familia ya dawa, iwe kipimo kidogo, siku chache, na ampe omeprazoli ya kukinga tumbo, na damu ipimwe figo.

Lakini diklo ya kupaka ni kitu kingine. Jeli inaingia kwa damu kidogo sana, na kwa goti na vidole inasaidia vizuri, inapakwa kila siku mara kadhaa kwa wiki mbili hivi kabla useme imekataa. Kwa nyonga na mgongo usitarajie mengi, ni mbali sana chini ya nyama. Mimi kama kuna pesa ya kitu kimoja kutoka kemisti kwa goti, ningenunua hio jeli kabla ya glukosamini, hio glukosamini ni pesa nyingi na faida yake ni ndogo sana kama hata iko.

Tramadoli watu wanaichukulia kama Panadol kubwa. Sivyo, ni ya familia moja na mofini, ile dawa kali ya maumivu. Inaleta kizunguzungu, na mzee mwenye kizunguzungu anaenda choo saa tisa usiku gizani unajua mwisho wake. Inafunga choo pia, kwa hivyo akianzishiwa aanze na kitu cha kulainisha choo siku hio hio, usingoje ashikwe. Asipewe kama ana kifafa, asichanganye na pombe wala dawa za usingizi, na kama anakunywa dawa ya msongo wa mawazo daktari lazima ajue.

Maumivu ya mishipa ya fahamu ni tofauti, hapo parasetamoli na diklo hazifanyi kitu, unapoteza muda. Watu hupewa amitriptilini, gabapentini ama pregabalini. Amitriptilini ni ya bei nafuu na iko kila mahali lakini wazee inawachanganya akili, inawafungia mkojo, inawaangusha, kwa hivyo wengine hawapewi kabisa na wanaopewa wanaanza na kipimo kidogo sana usiku. Gabapentini na pregabalini zinatolewa na figo, mwambie daktari kama figo si nzuri. Na kama nyayo zinawaka moto na ni mtu wa sukari amekunywa metformini miaka mingi, uliza kama anaeza kupimwa vitamini B12, juu metformini huipunguza na B12 ikiisha miguu inawaka hivyohivyo.

Za kienyeji sasa. Sina vita na mti. Vita yangu ni na ile dawa ya unga haina jina, inauzwa kwa chupa ama karatasi, na mzee alikuwa hatembei, siku mbili anaruka. Hakuna mti unafanya hivyo. Dawa kama hizo nchi nyingi zimepimwa zikapatikana zimechanganywa na steroidi, dawa kali za kuzima uvimbe, kama deksametasoni ama prednisoloni, na zingine na diklo. Ukiona uso umekuwa duara, sukari imepanda bila sababu, ngozi imekuwa nyembamba inatoka alama ukigusa tu, ndio hio. Na akiwa ametumia miezi usimnyang'anye siku moja, mwili unakuwa umeacha kutengeneza steroidi yake na anaeza kuzimia, mpeleke hospitali na hio chupa, apunguziwe polepole.

Usisimamishe dawa za hospitali kwa sababu umesoma hii. Beba karatasi yote kwa daktari umwage pale pia.

Mwili usogee, lakini kwa akili

Najua mtu anaumwa kumwambia atembee inaskika kama matusi. Lakini goti linashikwa na misuli ya paja, na misuli ya mzee asiyesogea inaisha haraka, halafu mzigo wote unabaki kwa mfupa. Hakuna dawa nimetaja hapo juu inashinda mazoezi kwa athraitisi ya goti kwa muda mrefu, shida ni kwamba mazoezi hayauzwi kwa chupa.

Anza na kiti. Kiti cha mbao kigumu, kisukumwe kwa ukuta kisiteleze, ainuke na kukaa polepole, mwanzoni akishika meza. Mara tano zinatosha, apumzike, arudie. Zoezi la pili, akiwa amekaa hapo, anyooshe mguu mmoja mbele, akaze paja, ahesabu hadi tano, ashushe. La tatu ni kutembea, kwa korido ya ploti, ama nje asubuhi kabla ya bodaboda kuamka. Hivyo tu kila siku. Ukiongeza, ongeza kidogo wiki kwa wiki.

Ataumwa kidogo, hio ni kawaida, kipimo ni hiki: kama baada ya zoezi goti linauma zaidi ya kawaida kwa zaidi ya saa mbili, alipita, kesho apunguze. Asiache, apunguze.

Na kuna ugonjwa wa siku nzuri. Mzee ameamka leo hana uchungu, basi anafua nguo zote, anapiga deki, anaenda sokoni, anapika chapati za watu kumi, halafu siku tatu zinazofuata ako kitandani. Akitoka hapo anangoja siku nzuri ingine. Hio inamwacha na wiki ya siku mbili. Gawa kazi: afue kidogo leo na kidogo kesho, dakika ishirini anakaa, anaendelea, na apumzike kabla uchungu umwambie apumzike. Kumwambia mama wa Kiafrika akae kabla amalize kazi ni ngumu, mpe kazi ya kukaa, achambue mboga, akoboe maharagwe, ashikilie mtoto.

Kama kilo ni nyingi, kila kilo moja inayopungua inaondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Kwa hivyo hata tatu tu anaziskia. Lakini mzee mwembamba asipunguzwe, huyo anahitaji mayai na maharagwe na omena.

Ngazi, matatu, choo

Nyumba zetu hazikujengwa na mtu amewahi kuwa mzee. Floo ya nne hakuna lifti, ngazi hazina mahali pa kushika, choo ni ya kuchuchumaa, taa ya korido iliungua mwaka jana. Kama mnaeza kumhamisha chini, hio pesa ya kuhama ina faida kuliko dawa nyingi.

Kupanda ngazi, mguu mzima unatangulia. Kushuka, mguu mgonjwa unatangulia na fimbo pamoja nao. Ukimfundisha hio mara moja inakaa. Fimbo inashikwa mkono wa upande mwingine, goti la kulia linauma fimbo iko mkono wa kushoto, karibu kila mtu hushika upande mbaya na hata sinema zinaonyesha vibaya. Urefu, asimame na viatu, mkono uning'inie, kichwa cha fimbo kifike pale kwa mkunjo wa kifundo cha mkono. Na iwe na mpira chini, tailisi zikilowa zinaua watu.

Choo ya kuchuchumaa fundi atakutengenezea kiti cha mbao ama chuma chenye tundu cha kuwekwa juu, ama ununue kile cha tayari. Usiku ndoo yenye mfuniko karibu na kitanda si aibu. Kiti cha sebuleni kikiwa chini sana weka mto mgumu, hizo kochi za kuzama ni mtego. Slipas zimeisha soli tupa, anunuliwe raba mitumba Gikomba yenye soli nene na isiyoteleza.

Matatu, mwombee mbele kwa dereva kama iko chini, ama mngoje baada ya saa tatu asubuhi watu wameisha steji. Makanga akimharakisha mwambie angoje, mzee asivutwe mkono, bega la mzee huumia hivyo.

Kama ni Muislamu na kusujudu kumekuwa kugumu, kuswali kwa kiti kunaruhusiwa kwa asiyeweza, na wazee wengi wanajua lakini wanaona haya kuanza. Imamu akimwambia mwenyewe ni rahisi kuliko wewe mtoto umwambie.

Joto, baridi, usingizi

Kiungo kimekauka, misuli imekaza, tumia joto: chupa ya maji moto imefungwa na taulo, dakika 15 hadi 20. Julai ya Nairobi soksi na suruali ndefu ndani ya leso ni sehemu ya matibabu, sichezi. Kiungo kimevimba na kina moto chenyewe, hapo ni baridi, kitambaa kimefunga barafu, dakika hizohizo. Mtu wa sukari ambaye nyayo zina ganzi usimwekee maji moto kabisa, ataungua na hataskia. Na usipake zile mafuta za kuwasha halafu uweke chupa ya moto juu, ngozi inaungua.

Usingizi na maumivu zinalishana. Chai ya mwisho iwe alasiri, asilale mchana mzima, mto katikati ya magoti akilala upande. Na upweke, huo unaongeza uchungu kweli si hadithi, mzee amefungiwa nyumba Umoja ama Pipeline kutoka asubuhi hadi mrudi usiku, na televisheni, anaumwa zaidi ya yule ako na mtu wa kuongea naye. Chama, kanisa, rafiki wa kupigiwa simu. Akiwa haoni raha ya kitu chochote, hali, analia, anasema heri aende, hio ni ugonjwa pia na iko na matibabu, mwambie daktari vile anasema.

Pa kwenda na cha kusema

Anzia kituo cha afya cha karibu, kama amejiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali ile ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, huduma za msingi kwa level 2 na 3, yaani zahanati na vituo vya afya, hazifai kuwa za kulipia. Wakiona inahitaji zaidi watakuandikia hospitali ya Mbagathi ama Mama Lucy Kibaki, na huko juu KNH, ile hospitali ya taifa ya Kenyatta. Omba fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwa mdomo wako, usingoje wafikirie. Fizio mzuri atakufundisha wewe ufanye naye nyumbani, yule anaweka mashine tu na kuondoka kila wiki anakula nauli yako. Na mzee akiwa amefikisha miaka 70 angalia kama ako kwa Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kusaidia wazee, hizo shilingi 2,000 za mwezi zinaeza kuwa nauli ya kliniki.

Mbele ya daktari usianze na "anaumwa kila mahali". Sema: alikuwa anafika kanisa, sasa hawezi kupita geti, tunataka afike kanisa. Halafu mwaga karatasi ya dawa, toa daftari, na uliza maswali mawili: hii dawa mpya inagongana na gani hapa mezani, na tutajua lini kama imekataa? Na mwachie mzee aongee mwenyewe, yeye ndio anaumwa.

Kama ni saratani

Hapa sheria zingine zinabadilika. Ile ngazi ya dawa ambayo Shirika la Afya Duniani lilitoa 1986, ya kuanza na parasetamoli kupanda hadi mofini, ilitengenezwa kwa maumivu ya saratani, haikuwa ya goti la athraitisi, na watu wanachanganya hapo, wenye goti wanapewa dawa kali na wenye saratani wanaambiwa wavumilie. Mtu wa saratani asivumilie. Mofini ya maji ya kunywa iko, na si dawa ya siku ya mwisho, watu huinywa miezi na wanatembea nayo, na ikifuatwa vile daktari ameandika kwa kawaida haimfanyi mtu awe mlevi wa dawa. Inapewa kwa saa, si mpaka alie, na dawa ya kulainisha choo inaenda nayo kila siku. Siku za kwanza atasinzia na anaeza kuskia kichefuchefu, mara nyingi inapungua. Akilala sana hata kumwamsha ni shida ama anapumua polepole mno, usimpe ingine, mpeleke hospitali.

Nairobi Hospice iko pale kwa uwanja wa KNH na imekuwa ikifanya hii kazi tangu 1990, na hospitali kubwa nyingi sasa ziko na watu wa tiba shufaa, yaani ya kupunguzia mgonjwa mateso, uliza kwa hilo jina. Enda mapema, hata kama bado anaendelea na matibabu ya saratani yenyewe. Nyumbani chupa ikae mahali pa kufungwa mbali na watoto, mtu mmoja ndio apime, na kila dozi iandikwe kwa ile daftari saa na kipimo, ndio yule wa zamu ya usiku asimpe mara mbili.